Ronald Ngala: Mwalimu wa Pwani aliyeingia bungeni kura ilipopimwa kwa elimu na mali

JINA la marehemu Ronald Gideon Ngala hutajwa kila siku na maelfu ya wasafiri jijini Nairobi, kwa kuwa mojawapo ya barabara zenye pilkapilka nyingi katikati ya jiji hilo imepewa jina lake. Wengi wanaolitaja hulijua kama mahali pa kupandia matatu tu. Kwao Pwani, kuanzia ng'ambo ya Likoni hadi Kisauni na Changamwe, mwanasiasa huyo hukumbukwa kwa neno moja, majimbo, na hata neno hilo kila mtu hulieleza kwa namna yake.

Hata hivyo, maisha yake yana funzo pana kuliko jina la barabara au kaulimbiu ya chama. Ngala aliingia katika siasa wakati Mwafrika wa Kenya alipokuwa akipimwa kwa elimu na mali kabla ya kupewa karatasi ya kura. Alikuwa kiongozi wakati kila mtu mzima alipopata haki hiyo mwaka wa 1963. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, chama ambacho wafuasi wake walikuwa wamekipigia kura kilivunjwa, naye akiwa ndiye kiongozi wake, bila wapiga kura hao kuulizwa.

Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gotani, katika iliyokuwa Wilaya ya Kilifi, kwenye jamii ya Wagiriama. Miaka tisa kabla ya kuzaliwa kwake, jamii hiyo ilikuwa imepambana na serikali ya Mwingereza kuhusu kodi na kazi ya lazima, wakihamasishwa na Mekatilili wa Menza. Watu hao hawakuwa na kura wala mwakilishi katika baraza lolote la wakoloni, lakini walielewa vyema ni nani aliyekuwa akiwatoza na ni nani aliyekuwa akiwachukulia vijana wao.

Kijana Ngala alipata nafasi ambayo wenzake wengi hawakuipata. Alisoma katika shule ya Shimo la Tewa, iliyoko upande wa kaskazini wa Mombasa bara, karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa, eneo ambalo siku hizi limo katika Kisauni. Kutoka huko aliendelea na masomo katika Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, kisha akaenda Chuo cha Makerere nchini Uganda alikohitimu kama mwalimu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya chaki na ubao. Alifundisha Taita, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton mjini Mombasa. Katika siku hizo mwalimu hakuishia darasani. Ndiye aliyewasomea majirani barua kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya, ndiye aliyewaandikia malalamiko, na ndiye aliyewafafanulia yaliyochapishwa magazetini. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba wanasiasa wengi wa kwanza wa Kiafrika, wakiwemo Daniel arap Moi na Masinde Muliro, walitoka katika taaluma ya ualimu.

Mwaka wa 1957 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, lililojulikana kama Legco. Viti vilivyotengwa vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Kabla ya hapo, Waafrika waliokuwa katika baraza hilo walikuwa wakiteuliwa.

Ruhusa hiyo ilikuja na masharti mazito. Kufuatia mapendekezo ya afisa wa serikali, Walter Coutts, haki ya kupiga kura iliwekewa vipimo. Mwafrika alipaswa kuonyesha kwamba alikuwa amefikia kiwango fulani cha elimu, au kwamba alikuwa na kipato cha pauni 120 kwa mwaka, au mali yenye thamani ya pauni 500, au alikuwa ametumikia serikali kwa muda mrefu, au ametunukiwa nishani. Umri mkubwa pia ulihesabiwa.

La kushangaza zaidi ni kwamba kura zenyewe hazikuwa sawa. Aliyetimiza sharti moja alipewa kura moja, na aliyetimiza masharti zaidi alipewa kura ya pili na hata ya tatu. Kwa hiyo watu wawili wangeweza kusimama katika mstari mmoja, mmoja akiwa na sauti mara tatu ya mwenzake. Kwa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliokuwa chini ya sheria za hali ya hatari, palikuwa na sharti la ziada la kuthibitisha utiifu kwa serikali. Waliojiandikisha nchini kote walikuwa wapatao 126,000.

Hoja ya watawala ilikuwa nyepesi kusikika. Walidai kwamba Mwafrika wa kawaida hakuwa na ujuzi wa mambo ya serikali, na kwamba kumpa kura kabla ya kumwelimisha kungeivuruga nchi. Hoja hiyo haikuwa ngeni duniani. Huko Uingereza kwenyewe, mwanafalsafa John Stuart Mill aliwahi kupendekeza katika karne ya 19 kwamba waliosoma wapewe kura nyingi kuliko wasiosoma. Hata katika karne hii ya 21 wapo wasomi wa nchi za Magharibi wanaouliza kama mpiga kura asiyejua lolote anastahili kuwa sawa na yule anayefuatilia mambo.

Kasoro ya hoja hiyo ilionekana wazi Mombasa. Vibarua wa bandari ya Kilindini na wafanyakazi wa reli waliokuwa wakiishi Changamwe na kwingineko walikuwa na elimu ndogo ya darasani. Lakini mwezi Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma na kuusimamisha mji mzima, na mwezi Machi 1955 vibarua wa bandari waligoma tena hadi mishahara yao ikaangaliwa upya. Watu hao walijua bei ya unga, kodi ya chumba na thamani ya jasho lao. Walichokosa ni shule, na waliokuwa wakisimamia shule ni wale wale waliowanyima kura kwa kukosa shule.

Katika uchaguzi huo wa Machi 1957, Ngala alishinda kiti cha Pwani. Pamoja naye walichaguliwa Tom Mboya wa Nairobi, Jaramogi Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Lawrence Oguda wa Nyanza ya Kusini, Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani. Wanane hao walikuwa wameingia kwa mlango mwembamba, lakini mara moja walianza kuusukuma upanuke.

Walikataa kushika nyadhifa za uwaziri chini ya katiba iliyokuwepo na wakadai viti zaidi. Kufuatia msukumo wao, Waafrika waliongezewa viti sita, na katika uchaguzi wa mwaka wa 1958 Mombasa ilipata mwakilishi wake, Francis Khamisi, ambaye alikuwa amewahi kuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Baraza. Hivyo ndivyo mwalimu na mhariri wa gazeti walivyojikuta wakiisemea Pwani katika baraza moja.

Mapema mwaka wa 1960 ulifanyika mkutano wa kwanza wa katiba katika jumba la Lancaster mjini London. Ngala aliuongoza ujumbe wa Waafrika, na Mboya alikuwa katibu wake. Mkutano huo ulikubali kwamba Kenya itakuwa nchi ya Waafrika walio wengi. Masharti ya kura yalilegezwa pia. Mtu aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyezidi umri wa miaka 40, au aliyekuwa na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, sasa aliweza kujiandikisha.

Baada ya mkutano huo Ngala aliingia serikalini akiwa waziri aliyesimamia masuala ya wafanyakazi, ustawi wa jamii na elimu ya watu wazima. Wizara hiyo ilimfaa. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa karibu kupewa haki ya kuichagua serikali ilhali hawakupata kamwe nafasi ya kukaa darasani.

Mwaka huo huo vyama vikuu viwili vilizaliwa. KANU ilianzishwa mwezi Mei huko Kiambu, na ingawa Ngala hakuwepo, alichaguliwa kuwa mweka hazina wake. Alikikataa cheo hicho. Mwezi Juni viongozi wa jamii ndogondogo walikutana Ngong na kuunda KADU, Ngala akiwa rais wa chama na Muliro makamu wake. Moi na Martin Shikuku walikuwa miongoni mwa vigogo wake.

Sababu ya kuundwa kwa KADU ilikuwa hofu. Jamii za Pwani, Wakalenjin, Wamaasai na sehemu ya Waluhya zilihofia kwamba serikali huru itatawaliwa na jamii mbili kubwa, Wakikuyu na Waluo, na kwamba ardhi yao itagawanywa na watu wasiowajua. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni kwa watu wa Pwani. Wengi wao walikuwa wakilima na kujenga katika mashamba ambayo hati zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Likoni na Kisauni ni maeneo ambako mgogoro huo wa wenyeji wasio na hati na wenye mashamba wasioishi hapo umeendelea kizazi baada ya kizazi.

Katika uchaguzi wa mwezi Februari 1961, KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Mzee Jomo Kenyatta aachiliwe. Gavana Patrick Renison alimgeukia Ngala, ambaye kwa kuungwa mkono na wabunge wa jamii nyingine alikubali kuunda serikali na akawa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni.

Uamuzi huo ulimletea lawama nyingi. Wapinzani wake walimwona kama mtu aliyekubali kutumiwa na wakoloni, kwa kuwa chama chake kilikuwa kimeshindwa kwa kura. Wafuasi wake nao waliona kwamba bila yeye nchi ingebaki mikononi mwa gavana. Ni katika kipindi cha serikali hiyo, mwezi Agosti 1961, ambapo Kenyatta aliachiliwa.

Mkutano wa pili wa Lancaster ulianza mwezi Februari 1962 na kumalizika Aprili. Hapo ndipo Ngala alipopigania kwa dhati mfumo wa majimbo. Kwa mujibu wa mapendekezo yaliyokubaliwa, nchi ingegawanywa katika majimbo yenye mabunge yake, kungekuwa na Seneti ya kuyalinda, na baadhi ya mamlaka kuhusu ardhi, elimu na utawala yangeshughulikiwa karibu na mwananchi. Baada ya mkutano huo vyama vyote viwili vilishirikiana katika serikali ya mseto, Ngala na Kenyatta wakiwa mawaziri.

Katika karatasi, majimbo yalikuwa mpango wa kugawana madaraka. Katika mikutano ya hadhara mpango huo ulisimuliwa kwa lugha nyingine. Baadhi ya waliohutubia waliwaeleza wasikilizaji kwamba jimbo lingekuwa mali ya wenyeji peke yao, na kwamba waliotoka sehemu nyingine wangefungasha virago. Vipengele vya katiba ni vigumu kueleza juani mbele ya umati. Kumtaja jirani kama adui ni rahisi, na aliyekuwa hajui katiba inasema nini hakuwa na njia ya kupima alichoambiwa.

Athari yake ilikuwa kubwa Mombasa bara. Changamwe ilikuwa imejaa familia zilizokuja kutoka Nyanza, Ukambani, Mkoa wa Kati na Taita kufanya kazi bandarini, relini na viwandani. Kwao neno majimbo lilisikika kama tishio. Kwa Mdigo wa Likoni au Mgiriama wa Kisauni, neno hilo hilo lilisikika kama ahadi ya shamba. Wote walikuwa wakizungumzia katiba moja ambayo wachache sana walikuwa wameiona.

Palikuwa pia na suala la Mwambao. Ukanda wa pwani wa maili kumi, ikiwemo Mombasa yote, ulikuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza aliukodisha tangu mwaka wa 1895. Baadhi ya Waarabu na Waswahili walitaka ukanda huo ujitenge uwe nchi yake. Ngala alilipinga wazo hilo, akiamini kwamba Pwani ingelindwa ndani ya Kenya kwa kuwa na jimbo lake. Tume ya James Robertson ilipendekeza mwaka wa 1961 kwamba ukanda huo uunganishwe na Kenya, na makubaliano ya mwisho yalitiwa sahihi Oktoba 1963 baina ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa wa kwanza ambapo kila mtu mzima, msomi au asiyesoma, tajiri au maskini, alikuwa na kura moja iliyo sawa na ya mwenzake. Kwa sababu wengi hawakujua kusoma, vyama vilitambulishwa kwa alama, na jogoo wa KANU akawa maarufu hadi vijijini. KANU ilishinda na Kenyatta akawa Waziri Mkuu. KADU ilibaki na nguvu katika baadhi ya majimbo, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani bungeni pamoja na kuwa rais wa Bunge la Jimbo la Pwani, lililokuwa na makao yake Mombasa.

Kwa hiyo wakati Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ndoto ya Ngala ilikuwa imetimia kwa sehemu. Lakini haikudumu. Serikali ya Nairobi haikuwa na nia ya kuyalea majimbo. Fedha zilicheleweshwa, mamlaka yaliyoahidiwa hayakukabidhiwa, na wabunge wa upinzani wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, kulikokuwa na vyeo na misaada ya maendeleo.

Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilivunjwa rasmi na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye madaraka makubwa, na mabunge ya majimbo yakabaki magofu ya kisiasa kabla ya kufutwa kabisa.

Waliotetea hatua hiyo walisema nchi changa ilihitaji umoja. Huenda ikawa kweli kwamba Ngala aliona chama chake kinakufa polepole na akachagua kuokoa alichoweza. Hata hivyo, mpiga kura wa Kilifi, Kwale au Likoni aliyepiga kura mwaka wa 1963 ili apate jimbo, aliamka siku moja na kukuta mbunge wake yuko katika chama kinachoyapinga majimbo. Hakukuwa na uchaguzi mdogo wala kura ya maoni.

Kinaya cha mambo ni kwamba mwaka wa 1966, Odinga na wenzake walipohama KANU na kuunda KPU, bunge lilipitisha upesi sheria ya kumlazimisha mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura wake. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu iliwafaa waliokuwa madarakani. Walipohama wabunge wa KADU mwaka wa 1964, haikuwepo. Katika visa vyote viwili wananchi wengi hawakujua kwamba mbunge ni mjumbe wao, na kwamba wana haki ya kumtaka aeleze kabla hajabadilisha alichotumwa.

Ngala aliendelea kuwa mtu mashuhuri. Katika mkutano wa KANU wa Limuru mwezi Machi 1966 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa chama, akiwakilisha Pwani. Aliteuliwa waziri, kwanza wa ushirika na huduma za jamii, na baadaye wa nguvu za umeme na mawasiliano. Kwa watu wa Pwani alibaki kuwa msemaji wao mkuu serikalini, ingawa sasa alisema kwa sauti ya chini kuliko ile ya Lancaster.

Mwezi Desemba 1972 alipata ajali ya gari katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na dereva akashindwa kulidhibiti. Ngala alifariki dunia tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, kabla hajafikisha umri wa miaka 50. Maelezo hayo ya nyuki hayakuwaridhisha watu wengi, na kifo chake kimeendelea kuzungumziwa kama mojawapo ya mafumbo ya siasa za Kenya.

Baada yake, Pwani haikupata upesi kiongozi wa kuwaunganisha watu wake. Kura nayo ilizidi kupoteza thamani chini ya chama kimoja. Mwaka wa 1988 wananchi walilazimishwa kupanga foleni nyuma ya wagombea katika uchaguzi wa mchujo wa KANU, mtindo uliojulikana kama mlolongo, na katika sehemu nyingi waliokuwa na mstari mfupi ndio waliotangazwa washindi. Rais aliyekuwa madarakani wakati huo alikuwa Moi, aliyechaguliwa katika Legco pamoja na Ngala mwaka wa 1957.

Vyama vingi viliporejea, neno majimbo lilifufuliwa. Safari hii lilifufuliwa likiwa limevuliwa maana yake. Baadhi ya wanasiasa wa KANU waliokuwa wakiyapinga majimbo kwa miaka mingi walianza kuyahubiri mapema katika miaka ya 1990, na katika Bonde la Ufa mahubiri hayo yaliandamana na mauaji na kufukuzwa kwa watu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 zamu ilikuwa ya Likoni. Vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi karibu na kivuko cha feri, wakawaua maafisa na kuiba bunduki, kisha wakawageukia wakazi waliotoka bara. Kwa majuma kadhaa nyumba na vibanda viliteketezwa kusini mwa Mombasa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakakimbia. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza miezi minne, na wengi wa waliokimbia hawakuweza kupiga kura mahali walipojiandikisha.

Vijana walioajiriwa katika ghasia hizo walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu ardhi na kazi. Waliaminishwa kwamba kumfukuza jirani ndiyo majimbo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza machafuko ya kikabila, ilisikia ushahidi kuhusu wanasiasa waliohusishwa na mambo hayo. Vijana wa Likoni waliishia jela au makaburini, na ardhi waliyoahidiwa hawakuipata. Uchaguzi ulipofanyika mwezi Desemba, kiti cha Likoni kilichukuliwa na Suleiman Shakombo wa chama cha Shirikisho, ambacho sera yake ilikuwa ile ile ya kugawana madaraka, iliyofikishwa sasa bungeni kwa karatasi ya kura.

Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu katiba mpya, wananchi walichagua baina ya ndizi na chungwa. Wengi walijua mwanasiasa gani yuko na tunda lipi kuliko walivyojua kilichoandikwa ndani ya rasimu. Rasimu hiyo ilikataliwa. Ile ya Agosti 2010 ilipitishwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1964 mamlaka yakagawanywa upya, safari hii kwa kaunti 47. Mombasa ikawa mojawapo.

Katiba hiyo ilimpa mpiga kura karatasi sita kwa siku moja: za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Ilimpa pia haki ya kushirikishwa wakati bajeti ya kaunti inapotayarishwa. Lakini mpiga kura asiyejua tofauti ya kazi za hao sita atamlaumu mbunge kwa zahanati isiyo na dawa, ilhali afya ni jukumu la kaunti, na atamsamehe gavana aliyepaswa kujibu. Asiyejua kwamba ana haki ya kuuliza kuhusu bajeti ataridhika na fulana na noti ya shilingi mia mbili wakati wa kampeni, kisha asubiri miaka mitano.

Kuna na wale wanaokaa nyumbani. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 kundi la Mombasa Republican Council, lililotaka Pwani ijitenge, liliwahimiza wakazi wasipige kura. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, ambao haukuwa na shinikizo kama hilo, waliofika vituoni katika Kaunti ya Mombasa hawakufikia nusu ya waliojiandikisha.

Maisha ya Ngala yanaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Aliwathibitishia watawala kwamba ujinga si sababu ya kumnyima mtu kura, kwa kuwa kila hatua ya kupanua haki hiyo tangu 1957 hadi 1963 ilipita mikononi mwake na mwa wenzake, na nchi haikuvurugika kwa sababu ya wasiosoma. Upande wa pili, wazo lake kubwa liliangushwa na watu wachache katika bunge, kisha likatumiwa kumwaga damu, kwa sababu wananchi walilipokea kama kelele za mkutano bila kufunuliwa kilichomo.

Kuna jukumu la serikali, vyama na shule kumfundisha raia, na kuna jukumu la raia mwenyewe kuuliza. Mtu anayevuka kwa feri ya Likoni alfajiri kwenda kibaruani, au anayepanda matatu ya Kisauni usiku akirudi, ana kura moja kamili, sawa na ya waziri. Mwaka wa 1957, kibarua kama huyo huenda asingekuwa na hata moja.